Unalipa ili Uombe?

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo mengi. Tunaomba radhi, tunaomba maji ya kunywa, tunaomba kazi, tunaomba mvua, tunaomba mgonjwa apone. Anayekaa kwenye taa za barabarani na kopo mkononi naye anaomba. Kwa hiyo mwishoni mwa 2023, nilipoanza kujaza fomu za shahada ya uzamili ya uhandisi, habari zilitoka nyumbani kwetu Gongo la Mboto kwa neno hilo hilo. Mama alimwambia jirani, "Mwanangu siku hizi halali, ana maombi." Jirani akaitikia amina, kisha akauliza ni maombi ya siku ngapi, na kama tunafunga.

Mama hakumsahihisha. Alimwambia ni mpaka tarehe 15 Desemba.

Nilikuwa na miaka 23. Mwaka huo huo nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza ya uhandisi ujenzi na kuanza mafunzo ya wahandisi wahitimu yanayosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, yale ya miaka mitatu ambayo mtu huyapitia kabla ya kuomba (tena kuomba) kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Nilikuwa chini ya mkandarasi wa barabara. Nilitoka nyumbani kabla hakujapambazuka, daladala ikapita katikati ya vumbi la ujenzi wa mwendokasi awamu ya tatu, ile inayotoka katikati ya jiji kuja kwetu, na nilirudi usiku viatu vikiwa na rangi ya udongo wa mahali pengine. Kazi yangu ilikuwa kupima na kuandika vipimo. Niliipenda. Lakini nilikuwa na swali nililokua nalo, na pale kazini hapakuwa na mtu mwenye muda wa kulisikiliza. Lilikuwa swali la maji.

Kwa asiyepajua, Gongo la Mboto iko njia ya Pugu, ukishapita uwanja wa ndege na Ukonga. Kwenye vilima vya Pugu ndiko unakoanzia mto Msimbazi. Unateremka kilomita kama 35, unapita Ulongoni kwetu, unapita Vingunguti, unafika Jangwani, unaingia baharini penye Daraja la Selander. Wengi wanaujua mto huu kwa sababu ya Jangwani, kwa kuwa pale ndipo unapofunga barabara na kupigwa picha. Desemba 2011 jiji lilipata mvua ambayo ilielezwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, na familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sisi wa juu hatumo kwenye picha hizo. Lakini maji yale yalipita kwetu kwanza, na mengine yalitoka kwenye mabati ya nyumba zetu.

Nilitaka kusomea hilo: maji yanatokaje juu, kwa kasi gani, na kwa nini kila miaka michache yanapanda zaidi. Nikatafuta vyuo. Nikachagua viwili vya Marekani na kimoja cha Ulaya, na baadaye nikaongeza Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha. Kisha nikakutana na fomu.

Maisha yangu yote ya shule yalikuwa yamethibitishwa na mihuri. Mwaka 2019, nilipoomba mkopo wa elimu ya juu, cheti changu cha kuzaliwa kilihakikiwa na RITA, fomu ikapita ofisi ya serikali ya mtaa, mdhamini akasaini, wakili akagonga muhuri wake. Nilitumia siku tatu kwenye mabenchi. Lakini katika siku hizo tatu hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Mwenyekiti wa mtaa aliuliza mimi ni mtoto wa nani, na jibu lilitosha.

Fomu za vyuo vya nje hazikutaka muhuri wa mtu yeyote. Zilitaka nijieleze.

Zilianza na mambo madogo. Anwani ya nyumbani, jina la barabara, namba ya nyumba, postikodi. Miaka yote anwani yetu ilikuwa maelekezo: shuka kituoni, vuka, fuata njia ya mtoni, ulizia kwa mama maandazi. Bahati nzuri mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, operesheni ya anwani za makazi ilikuwa imepita mtaani na kila nyumba ikapata namba. Mara ya kwanza kuitumia namba yetu ilikuwa ni kumwambia ninapoishi mtu asiyeweza kufika.

Kisha GPA. Tanzania tunahesabu kati ya 5. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu linaanzia 3.5. Yangu ilikuwa 4.1. Fomu moja ilikuwa na kisanduku kinachokubali namba isiyozidi 4.0. Nikiandika 4.1, maandishi mekundu yanatokea kuniambia namba hiyo haipo. Nikapiga hesabu ya uwiano nikapata 3.28. Hizi ni namba mbili za mtu yule yule: ya kwanza inasema huyu alikaribia kileleni, ya pili inasema alikuwa mwanafunzi wa wastani mwenye nidhamu. Niliwaandikia ofisi ya udahili. Walijibu siku ya pili, kwa upole, kwamba nikiache kisanduku wazi, niweke maelezo, na msomaji atatazama matokeo yenyewe. Kwa yeyote anayejaza fomu hizi kutoka Tanzania, hilo ndilo jibu: usijibadilishie alama mwenyewe. Waandikie.

Kisha wadhamini, watatu. Wawili walikuwa wahadhiri wangu, na mmoja wao alinitaka nimpelekee orodha ya kazi nilizofanya, kwa sababu amefundisha mamia na hakutaka kuandika uongo mtamu. Wa tatu alikuwa Injinia wa pale kazini, mtu mzima mwenye sauti ya kuzoea kushindana na mashine. Fomu ilimtaka aseme mimi niko katika asilimia ngapi ya juu ya watu aliowahi kuwafundisha: 1, 5, 10, 25. Akanipigia simu usiku.

"Binti, nimehesabu. Vijana wa mafunzo niliowahi kuwa nao ni kumi na mmoja. Wewe ni wa pili. Wa kwanza ni yule kijana wa Kigoma, naye simwondoi."

"Sawa, Injinia."

"Wawili katika kumi na mmoja ni asilimia kumi na nane. Nimeweka ishirini na tano."

Nilijua kuwa kwenye fomu kama zile wengi huwekwa asilimia 5 bila mtu kuhesabu chochote. Nilimshukuru. Nilikuwa nimefanya kazi chini ya mtu huyu miezi kadhaa, na sababu iliyonifanya nitake barua yake ni hiyo hiyo: namba yake ukiipima tena unaikuta pale pale.

Halafu ikaja ada. Chuo kimoja kilitaka dola 75 za kupokea maombi, ambazo kwa bei ya Desemba ile zilikaribia shilingi 190,000. Posho yangu ya mafunzo ilikuwa imeshagawanywa kabla ya kufika. Mama akaenda kwenye kikoba chao cha Jumapili, wanawake wa mtaani wanaokaa kwenye mkeka na sanduku lenye kufuli tatu. Kila anayekopa lazima aseme mkopo ni wa nini. Mama akasema ni ada ya mtoto kuomba chuo.

"Ada ya chuo?" akauliza mweka hazina.

"Ada ya kuomba."

"Unalipa ili uombe?"

"Ndiyo."

"Na wakikunyima, wanarudisha?"

"Hawarudishi."

Mama anasema kikao kilicheka mpaka mtu mmoja akapaliwa na chai. Kisha wakampa. Sharti lilikuwa moja: nikipata, nije kuwaeleza kilichoandikwa humo, kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa sasa na watu wengine wa kuwajibu mbali na kamati ya udahili.

Kilichoandikwa humo ndicho kilichokuwa kigumu. Kila chuo kilitaka insha ya kujieleza, kurasa mbili: wewe ni nani, kwa nini uhandisi huu, kwa nini sasa. Sisi tumefundishwa barua. Anwani juu kulia, Yah, husika na kichwa cha habari hapo juu, mimi ni mwanamke Mtanzania mwenye umri wa miaka kadhaa, naomba, natanguliza shukrani. Barua ile ina heshima yake. Inakuficha. Insha hii ilitaka nitoke nje nisimame.

Nilimtumia rasimu yangu kaka mmoja aliyenitangulia chuoni, ambaye wakati huo alikuwa anamalizia uzamili Marekani. Ni mtu mwema. Alinisaidia bila malipo, usiku wake, baada ya kazi zake. Alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Kiini chake kilikuwa hiki: "Mdogo wangu, umeandika kama ripoti. Hawa wanasoma maombi mia kadhaa. Wanataka kukukumbuka. Wewe unatoka Gongo la Mboto. Weka mabomu."

Usiku wa Februari 16, 2011, maghala ya silaha ya kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto yalilipuka. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba zilibomoka, maelfu walikimbia, uwanja wa ndege ukafungwa. Nilikuwa na miaka kumi. Mtu wa Dar ukimtajia kwetu, hata leo, kuna nusu sekunde anapokumbuka. Kaka hakuwa amekosea kuhusu hilo. Na hakuishia kushauri. Alinirudishia rasimu akiwa ameniandikia aya ya kwanza. Ilianza na anga nyekundu. Kulikuwa na mtoto wa kike amesimama mlangoni, mama yake amepiga magoti analia, na mtoto yule anaapa kuwa atakuwa mhandisi ili ajenge nyumba zisizobomoka. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Nikiwa msomaji wa kamati ningemkumbuka mtoto yule.

Nilimsomea mama. Umeme ulikuwa umekatika, tulikuwa kwenye mgao wa mwisho wa mwaka ule, tumekaa na taa ya simu. Nilimtafsiria sentensi kwa sentensi. Alikuwa anakanda unga wa asubuhi na hakusimama kukanda.

"Huyo anayelia ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu. Mlikuwa wanne, na mtoto wa jirani wa tano. Tunakimbia njia ya Pugu, giza, watu wanagongana, nahesabu vichwa. Nikifika tano naanza upya. Mtu anayehesabu hana nafasi ya kulia."

Akageuza unga. Baada ya muda akasema, "Na sisi tulirudi wote. Kuna ambao hawakurudi wote. Usiku ule ni wa kwao."

Niliikaa na aya ile siku mbili zaidi, kwa sababu sitaki kudanganya kwamba uamuzi ulikuwa mwepesi. Pesa za kikoba zilikuwa njiani. Nafasi zilikuwa chache. Kulikuwa na uwezekano wa kweli kwamba anga nyekundu ndiyo ingenipa ufadhili na ripoti isinipe. Na mabomu yalitokea. Hakuna ambaye angeweza kusema nimebuni. Lakini sikuwa nimeenda kwenye uhandisi kwa sababu ya usiku ule. Nilienda kwa sababu ya ukuta.

Ukuta wenyewe uko nyumba ya tatu kutoka mtoni, kwa bibi mmoja mpangishaji. Wenye nyumba wengi wa bondeni, maji yakishapungua, hununua rangi upesi. Yale maji huacha mstari wa kahawia ukutani, na mpangaji akiuona anahama au anataka kupunguziwa kodi. Bibi huyu hakupaka. Aliacha mistari yote, mmoja juu ya mwingine, na akikuta mtu anaishangaa humwambia, "Hao ni mashahidi wangu." Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, wakati wa likizo, nilichukua futi ya kupimia na daftari nikaanzia kwake. Mistari mitatu. Wa chini kabisa sentimita 41 kutoka sakafuni, wa kati 63, wa juu 97. Na wa juu ndio ulikuwa mpya zaidi.

Nikaenda nyumba zilizofuata. Mpaka likizo inaisha nilikuwa na nyumba 34. Tarehe zilikuwa tabu, kwa sababu watu hawakumbuki mvua kwa kalenda. Wanasema ile ya mwaka tulipompoteza babu, ile ya kabla daraja halijaenda na maji, ile iliyomkuta fulani kwenye chumba cha kujifungulia. Niliandika kila kitu kama kilivyosemwa, kisha nikalinganisha. Watu watatu wasiosikilizana wakitaja mvua ile ile kwa misiba mitatu tofauti, unaanza kupata mwaka.

Kwa nini mstari mpya ndio wa juu? Hapo ndipo swali lilipokaa. Inawezekana mvua zimekuwa kali zaidi. Inawezekana mvua ni zile zile lakini ardhi imebadilika. Chukua eka moja, kama mita za mraba 4,000. Ikinyesha milimita 50, yameanguka maji lita 200,000. Eka ile ikiwa na nyasi na mihogo, labda theluthi tu, tuseme lita 60,000, zitatiririka kwenda mtoni, mengine yatazama. Ukiifunika kwa mabati na saruji, zitatiririka lita 160,000, na zitafika haraka. Hiyo ni tofauti ya maboza sita ya lita elfu kumi na maboza kumi na sita, kutoka eka moja, kwa mvua moja. Mama yangu ameishi kwetu tangu kulipokuwa na mihogo. Na inawezekana pia kwamba tatizo ni mto wenyewe: kingo zimeliwa na wachimba mchanga, sehemu nyingine zimejaa takataka na udongo, maji yale yale yanapanda kwa kukosa nafasi.

Sababu tatu, na kila moja ina dawa yake. Ikiwa ni mvua, lazima madaraja na makalvati yakadiriwe upya. Ikiwa ni mabati, lazima maji yashikwe huku juu kabla hayajateremka. Ikiwa ni mto, lazima usafishwe na ulindwe. Ukitibu sababu isiyo yenyewe, unatumia mabilioni na bibi anapata mstari wa nne. Sikuwa na jibu, na shahada ya kwanza haikunipa zana za kulipata. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kuomba, na niliiandika hivyo. Insha ilianza hivi: nyumba ya tatu kutoka mtoni ina mistari mitatu ukutani, na wa juu zaidi ndio mpya zaidi. Mabomu hayakuwemo. Gongo la Mboto ilikuwemo kila mstari.

Kaka alisoma. Akajibu, "Nzuri. Ila hawatalia."

Nikamwandikia kuwa sikuwa naomba machozi. Akanitumia kicheko, kisha akarekebisha sarufi yangu sehemu saba, bure, kama kawaida yake.

Desemba ile ilikuwa ya ajabu kidogo. Mvua za El Niño zilikuwa zinanyesha, mitaro imejaa, na wakati huo huo umeme wa mgao. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulikuja kuanza kuzalisha Februari iliyofuata. Kwa hiyo tulikuwa na maji mlangoni na giza ndani. Niliskani vyeti vyangu stesheneri moja ya kituoni yenye jenereta, ambako kijana wa pale alipandisha bei kwa mia mbili kila ukurasa jenereta ikiwa inanguruma, na sikumlaumu. Jumapili ya tarehe 3 yakatokea maporomoko ya tope ya Hanang. Tulitazama kwenye simu watu wa Katesh wakichimba kwa majembe mahali palipokuwa soko na nyumba. Nilifungua rasimu yangu usiku ule nikabaki naiangalia. Kulikuwa na sentensi iliyosema kuwa mafuriko "huathiri maisha ya watu". Niliifuta. Haikusema chochote.

Nilituma tarehe 13, saa nane usiku, umeme ulipokuwepo.

Majibu yalikuja kidogo kidogo kuanzia mwishoni mwa Februari. Chuo cha Ulaya kilisema hapana. Chuo kimoja cha Marekani kilisema hapana kwa maneno mengi zaidi. Kingine kilisema ndiyo. Nilipiga kelele mpaka jirani wa maombi akaja mbio, akaitikia amina ya pili. Kisha tukasoma ukurasa wa pili. Nafasi ilikuwepo, ufadhili haukuwepo, na makadirio ya gharama yalizidi dola 50,000 kwa mwaka. Mama aliniuliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia ni zaidi ya milioni 125. Akauliza kama hiyo ni kwa nyumba au kwa mtaa mzima.

Kuna watu watakaokuambia kwamba kukubaliwa bila pesa ni sawa na kukataliwa. Si sawa. Nilijua sasa kwamba mtu asiyenijua, mahali asikokujua, alisoma habari za ukuta wa bibi akaona kuna swali pale. Hilo sikuweza kuliweka benki, lakini lilinisaidia nilipokwenda kwenye usaili wa Arusha. Pale niliulizwa maswali ya kihandisi kwa dakika arobaini, na karibu yote yalihusu daftari. Mlipimaje urefu kutoka sakafuni wakati sakafu za nyumba hazilingani? Nani alithibitisha miaka? Mvua ya miaka 25 ni nini? Hili la mwisho wengi hulielewa vibaya. Si mvua inayokuja mara moja kila miaka 25. Ni mvua yenye uwezekano wa asilimia 4 kutokea kila mwaka, na mtu akikaa bondeni miaka 25, uwezekano wa kukutana nayo angalau mara moja ni kama asilimia 64. Nilisema hivyo, nikaongeza kuwa bibi ameshakaa thelathini.

Kabla jibu la Arusha halijaja, Aprili 2024 ilileta mvua nyingine kubwa, zile zilizozamisha Rufiji. Nilikwenda kwa bibi na futi yangu. Mstari wa nne ulikuwa sentimita 104.

Nilipata nafasi, na ufadhili kupitia mradi wa utafiti. Jumapili moja nilikaa kwenye mkeka wa kikoba nikawasomea insha yote kwa Kiswahili, kama tulivyokubaliana. Walisikiliza kimya. Mweka hazina aliuliza swali moja, na ni swali ambalo msimamizi wangu wa utafiti alikuja kuniuliza miezi sita baadaye: "Sasa ukijua ni mabati, utatwambia tung'oe?"

Ninaandika haya nikiwa mwaka wa pili, Tengeru. Huku maji yana tabia nyingine. Visima vingi vya ukanda huu vina floraidi nyingi, na unaweza kumjua aliyekulia huku kwa rangi ya meno yake. Taasisi hii inajulikana kwa sababu hiyo: mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga, mhadhiri wa hapa, alishinda tuzo ya kwanza kabisa ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa kichujio chake cha maji. Kila mtu ninayesoma naye alikuja na maji ya kwao. Yangu ni yale 34 ya kwenye daftari, ambayo sasa ni 51, na nayalinganisha na kumbukumbu za mvua na picha za mabati zilizopigwa kutoka angani. Mpaka sasa ardhi inaonekana kubeba sehemu kubwa ya lawama, ila mto bado sijaumaliza. Swali la mweka hazina lina sura yake nzima kwenye tasnifu.

Wadogo wa mtaani siku hizi wananipigia. Wanaomba vyuo, wanauliza waandike nini, na wengi huanza na mabomu hata wale waliokuwa wadogo mno wakati ule. Siwakatazi. Huwauliza kitu kimoja: kuna nini unachokijua wewe ambacho mwalimu wako hakijui? Wengi husema hakuna. Juzi kijana mmoja anayeomba uhandisi umeme alikaa kimya mpaka nikadhani bando limekata. Kisha akasema, kwa aibu, kwamba transfoma ya mtaa wao ikikaribia kuzimika hubadilisha mlio, na yeye huusikia kama dakika kumi kabla, humwambia mama yake azime friji.

Nikamwambia aandike hiyo. Akaniuliza mlio wa namna ile kwa Kiingereza unaitwaje.

"Andika kwanza kwa Kiswahili," nikamwambia. "Andika unavyousikia."